Kutafuta mahame ya babu kwenye ramani ya mtandaoni

SWALI: Ndugu Mhariri, babu yangu alizaliwa Ugogo, na mwaka 1971 familia yake ilihamishiwa kijiji cha ujamaa. Nimelitafuta jina la kijiji hicho kwenye Google Maps nikaweka alama, lakini shangazi anasema kwamba hapo sipo walipozikwa wazee wake. Nitapapataje mahali penyewe? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Shangazi yako amesema kweli. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, na baadaye Operesheni Vijiji iliyoenea nchi nzima kati ya mwaka 1973 na 1976, ziliziondoa kaya zilizokuwa zimetawanyika zikazikusanya pamoja, kwa hiyo jina ulilolipata linakuonyesha walikopelekwa, wakati wewe unatafuta walikotoka.

Muulize shangazi walichota maji korongo gani, jua lilizama nyuma ya kilima kipi, na walitembea muda gani kufika mnadani. Kisha fungua Google Earth kwenye kompyuta, uiinamishe picha mpaka vilima vionekane kwa ubavu kama mtu anavyoviona akiwa amesimama chini, halafu umketishe kando yako. Mzee asiyewahi kusoma ramani anaweza kukitambua kilima cha kwao kwa umbo lake, ilhali picha ya kutoka juu haimwambii kitu.

Nyumba usizitafute, maana tembe likikosa matunzo huporomoka na kurudi kuwa udongo. Tafuta mibuyu, mistari ya minyaa iliyopandwa kuwa ua, na hasa madoa ya mazizi, kwa sababu samadi ya miaka mingi hubadilisha rutuba ya ardhi, na nyasi zinazoota hapo huweza kutofautiana rangi na za jirani kwa miongo kadhaa. Linganisha picha za kiangazi na za masika, kwani programu hiyo inahifadhi pia picha za miaka iliyopita.

Ukitaka kuona kaya zikiwa bado na watu, jaribu picha za Corona, setilaiti za kijasusi za Marekani zilizopiga picha kuanzia mwaka 1960 hadi 1972, ambazo siri yake iliondolewa mwaka 1995. Hutafutwa kwenye tovuti ya EarthExplorer ya shirika la jiolojia la nchi hiyo. Zilizokwisha kuskaniwa hupakuliwa bure. Si kila eneo lina picha safi, kwani mawingu nayo hayakumwogopa jasusi.

Usichukue ramani hiyo kwenda kudai shamba: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilithibitisha ugawaji wa ardhi wa vijijini uliofanywa kati ya mwaka 1970 na 1977. Alama za makaburi nazo ziweke katika ramani ya faragha mpaka wazee wa ukoo waridhie. Siku mtakapofika huko na shangazi, soma majira ya nukta (namba za latitudo na longitudo) kwenye simu yako mkiwa mmesimama palepale, kisha usahihishe alama uliyoiweka nyumbani.