Tangu nikae nyumbani, mwanangu hanisikii

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni baba wa mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu, ninaishi Mtwara mjini. Mkataba wangu wa kazi ulimalizika pamoja na msimu wa korosho na haukuongezwa. Kwa kuwa mke wangu anashinda dukani, mimi ndiye ninayebaki na mtoto. Kila ninalomwambia anakataa, na nikimvisha kandambili anazivua na kupiga kelele, “Mwenyewe!” Nikimlazimisha anajitupa chini hadi majirani wanachungulia. Shemeji yangu, ambaye kwa mila zetu za Kimakonde ana sauti kubwa akiwa mjomba wa mtoto, anasema nimchape kabla hajaota mapembe. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, mtoto wa umri huo amekwisha kugundua kwamba ana matakwa yake, lakini sehemu ya mbele ya ubongo, inayomwezesha mtu kujizuia na kungoja, bado ni changa mno na huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20, na maneno aliyonayo hayatoshi kueleza anachotaka. Kwa hiyo analia na kujitupa. Hakudharau, wala hajui kwamba huna kazi.

Anayejua ni wewe, na nadhani hapo ndipo penye uzito. Mtu aliyeambiwa asubuhi kwamba nafasi imejaa, kisha akakataliwa na mtoto saa nne, hulisikia lile “sitaki” kama tusi. Aidha, zamani ulikutana naye jioni, ukambeba na kucheza naye. Sasa unamwamrisha kutwa nzima.

Punguza amri. Bakiza zile za usalama na za kutoumiza wengine: asikimbilie barabarani penye bodaboda, asisogelee jiko la mkaa, asiende ufukweni peke yake, asipige wenzake. Katika hizo hakuna mjadala. Mshike, mwondoe, mweleze kwa maneno machache, na jibu liwe lilelile hata siku ambayo umechoka. Kandambili avae mwenyewe, hata akibadilisha kulia na kushoto. Usimuulize “Unataka kuvaa shati?” ikiwa jibu la hapana hutalikubali, mwoneshe mashati mawili achague. Akianza kulia, kaa karibu asijiumize, usimhutubie, na usimpe alichonyimwa ili anyamaze, kwa maana kesho atalia kwa muda mrefu zaidi. Angalia pia usingizi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unapendekeza saa 11 hadi 14 kwa siku kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja lakini hajatimiza miaka mitatu, wa mchana ukiwemo, na mchana wa joto la pwani ukipita bila kulala, jioni yenu itakuwa ngumu.

Kuhusu kumchapa, sikubaliani na shemeji yako. Fimbo humnyamazisha mtoto kwa hofu, lakini haimpi uwezo wa kujizuia ambao bado hana, na humwonesha kwamba mwenye nguvu ndiye anayepiga. Hata hivyo, usimjibu kwa ubishi. Mheshimu kwa nafasi yake ya mjomba na umwombe amchukue mpwawe asubuhi mbili kwa wiki, ili upate muda wa kuandika maombi ya kazi na kwenda kuonana na watu bila kuvutwa shati. Kazi haitafutwi vizuri kwenye simu huku mtoto akitaka kubebwa, na mtoto naye huzidisha vurugu anapoona macho yako hayako kwake.

Kama ulikuwa mwanachama wa NSSF na hukuacha kazi kwa hiari, nenda ofisi yao ya mkoa ukaulizie fao la kukosa ajira, ambalo huhitaji michango ya angalau miezi 18. Na iwapo mtoto bado haunganishi maneno mawili au haitiki anapoitwa jina, mpeleke kliniki mapema akapimwe usikivu, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri naye huonekana mkaidi.