Mawifi wanasema namdhoofisha kaka yao

Shangazi, mume wangu mwenye miaka 58 aliruhusiwa kutoka hospitali miezi mitatu iliyopita, moyo wake ukiwa hausukumi damu vizuri. Nimefunga genge langu ili nimuuguze. Usiku silali, nasikiliza anavyopumua. Mchana simwachi hata ajichotee maji ya kunywa. Mawifi zangu wanadai chakula kisicho na chumvi kinamdhoofisha kaka yao. Juzi nilikuta ameficha chumvi chini ya mto, nikamfokea, kisha nikajifungia chooni nikalia. Je, nina roho mbaya?
Mama wa Genge, Tanga

Mdogo wangu, mwenye roho mbaya hakeshi akisikiliza pumzi za mwenzake. Umechoka, kwa sababu unafanya peke yako kazi ambayo hospitali huwagawia wauguzi kwa zamu.

Nianze na hayo maji ya kunywa, maana yamenishtua kuliko chumvi. Mgonjwa wa moyo ambaye hali yake imetulia, na ambaye daktari hajamkataza, hutakiwa kutembea: dakika 5 hadi 10 kwenye ardhi tambarare, zikiongezwa kidogo kidogo, mradi aweze kuzungumza sentensi nzima huku akitembea. Mwulizeni daktari kiwango kinachomfaa, kisha umwachie ajihudumie kwa yale anayoyaweza. Mwanamume aliyenyang'anywa kila kitu, usishangae akificha chumvi.

Kuhusu usiku, mizani itakusaidia kuliko masikio yako. Kila asubuhi, akishatoka chooni na kabla ya chai, apime uzito na aandike mwenyewe kwenye daftari. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, miguu ikivimba, au akianza kuhitaji mito zaidi ili apumue, pigeni simu kliniki siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya miadi. Akibanwa na pumzi ilhali amekaa tu, akipata maumivu ya kifua au akizimia, mpelekeni hospitali mara moja, hata iwe saa nane za usiku.

Chakula kiwe kimoja kwa nyumba nzima. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima, hata asiyeumwa, asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Ukumbuke pia ile iliyomo kwenye samaki wa ng'onda na vidonge vya mchuzi, na usitie magadi kwenye maharage. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vitaleta ladha.

Mawifi usibishane nao. Siku ya kliniki mchukue yule mwenye maneno mengi kuliko wote, akamsikilize daktari mwenyewe. Mkirudi, mpe zamu, na uitaje kwa siku na saa: "Wifi, Jumanne na Alhamisi, saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, utashinda na kaka yako." Ombi la "nisaidieni jamani" halina mwenyewe. Saa hizo ufungue genge, nawe usipige simu kila dakika kuuliza amekula nini.

Mume wako mwombe radhi kwa maneno machache, kisha mwambie kwamba unaogopa. Huenda naye anaogopa, ila hajapata pa kusemea. Na siku hiyo ya kliniki nawe upimwe shinikizo la damu, na kama usingizi bado haujarudi, umweleze daktari, pamoja na kile kilio cha chooni.