Tone Halina Nukta

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni hesabu gani ya maisha uliyoipiga ikakataa?" Mke wangu ndiye aliyeliona kwanza. Alinisogezea jarida mezani, akaweka kidole juu ya swali, akasema, "Hili wamekuuliza wewe." Mimi ni profesa wa hisabati, sasa mstaafu, niliyefundisha chuo kikuu kwa miaka 34. Basi najibu, ila mhariri anivumilie, maana zilizokataa ni nyingi.

Mwanzo wenyewe haukuwa wa kujivunia. Jaribio langu la kwanza la hesabu sekondari nilipata 11 kati ya 100. Mwalimu hakuandika neno ila moja la huruma, kwa wino mwekundu: "Mwandiko mzuri." Nilimpelekea baba karatasi nikiwa nimeikunja upande wa maksi ili asome sifa tu. Baba akaikunjua. Hayo yaliyofuata tuyaache.

Kilichonigeuza si kiboko. Ni hoja ya Euclid, Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ya kwamba namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, hazina mwisho. Chukua orodha yoyote ya namba tasa unayodhani imekamilika. Zizidishe zote, ongeza 1. Jibu hilo ukiligawanya kwa namba yoyote ya kwenye orodha, inabaki 1. Kwa hiyo ipo namba tasa nyingine uliyoiacha nje. Basi, kwisha! Nilikuwa na miaka 15, na usiku ule sikulala. Nilijaribu kuipinga hadi mshumaa ukaisha, ikanishinda, nikafurahi kushindwa.

Hoja hiyohiyo ndiyo iliyoniaibisha siku ya kwanza niliposimama mbele ya darasa nikiwa na tai mpya na chaki mbili. Nilizidisha 2, 3, 5 na 7, nikaongeza 1, nikapata 211. Ni tasa. Nikanogewa. "Na kila mkifanya hivi," nikatangaza, "mtapata namba tasa mpya." Euclid hakusema hivyo hata kidogo. Kijana wa viti vya nyuma, ambaye nilidhani anasinzia, alikuwa ameendelea hadi 13 na kuongeza 1. "Mwalimu, nimepata 30,031. Nayo ni 59 mara 509." Nikazidisha ubaoni, polepole, nikiomba kimoyomoyo awe amekosea. Hakukosea. Kuanzia mwaka uliofuata nilikuwa naifungua mada ile kwa 30,031, kwa sauti ya mtu aliyeugundua mfano huo mwenyewe.

Lakini mmeuliza hesabu za maisha, kwa hiyo nije kwa nesi.

Nilimkuta akijisomea mtihani wa uuguzi, penseli mdomoni, amekwama kwenye swali la dripu: mililita 1,000 ziingie mwilini kwa saa 8, mrija unatoa matone 20 kwa kila mililita, je, ni matone mangapi kwa dakika? Sikuombwa msaada. Nikapiga kwa kichwa nikamwambia 41.666, na hizo sita zinaendelea milele. Kisha nikakaa kungoja sifa. Akatoa penseli mdomoni. "Na hizo sita za milele nazidondosha vipi? Tone halina nukta." Akaandika 42, akafunua ukurasa mwingine. Mwaka uliofuata nilimwoa, na kwa sababu ya ile 42 nikamkabidhi hesabu zote za nyumba. Sijawahi kujuta. Yeye ndiye pengine.

Maana nilimwahidi kwamba shahada ya uzamivu ni miaka 3. Ikawa 6. Kosa lilikuwa ukurasa wa 58, mahali nilipoandika "ni dhahiri kwamba", na msimamizi wangu akaandika pembeni maneno mawili: "Kwa nani?" Kuyajibu yale maneno mawili kulinichukua miezi 14. Tangu hapo nikiona "ni dhahiri" katika kazi ya mwanafunzi, najua hapo ndipo alipochoka.

Nikijitetea, nilimsimulia mke wangu habari za Frank Nelson Cole, mwanahisabati wa Marekani. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alikuwa ameonyesha kwamba 2 kwa kipeo cha 67, ukitoa 1, si namba tasa, lakini vigawanyo vyake hakuna aliyevijua. Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati wa Marekani, Cole alikwenda ubaoni na, kama inavyosimuliwa, hakufungua mdomo. Upande mmoja alikokotoa ile namba yenye tarakimu 21. Upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana, akarudi kukaa, ukumbi ukampigia makofi. Inasemekana alipoulizwa kazi hiyo ilimchukua muda gani, alijibu: Jumapili za miaka 3.

Nilisimulia kwa hisia zote. Mke wangu alikuwa anakunja nguo za watoto. "Na hizo Jumapili," akauliza, "nguo za kwake zilikuwa zinakunjwa na nani?" Nimesoma maandishi mengi ya historia ya hisabati, na swali hilo sijakuta mahali limeulizwa. Nilishika shuka upande mmoja, yeye akashika wa pili.

Watoto walikuja wawili, na hapo hesabu ikavurugika kabisa. Wa kwanza, akiwa na miaka 4, aliamka kabla yangu akakuta karatasi za mitihani na kalamu nyekundu. Sikujua lolote mpaka mwanafunzi alipobisha hodi ofisini, mpole, karatasi mkononi. "Samahani Profesa, swali la 4 nimepata au nimekosa? Naona tiki tatu, na samaki." Samaki alikuwa mkubwa, ana meno. Jibu lenyewe lilikuwa limekosewa, lakini nilimpa maksi 2 za usumbufu, na hadi leo sijui kama kanuni zinaruhusu. Nilijifariji baadaye niliposoma kwamba watoto wa Charles Darwin walichora nyuma ya kurasa za mswada wake kuhusu asili ya spishi, na baadhi ya kurasa hizo zimehifadhiwa mpaka leo. Karatasi yangu yenye samaki ilichukuliwa na masijala.

Kuhusu cheo, niseme kifupi tu. Nilipopata udaktari, watu walianza kuniletea vidonda vyao, nami nikawa nawaelekeza kwa mke wangu, ambaye hakuwa na "Dk." mbele ya jina ila alijua la kufanya. Nilipopata uprofesa, aliyenifurahia zaidi ni mama yangu, na alichouliza ni kama sasa nitakuwa nalala. Makala yangu ninayoipenda kuliko zote imenukuliwa mara 5 tangu ichapishwe. Mara 3 kati ya hizo ni mimi mwenyewe. Ndani ya nyumba nikiitwa "Profesa", najua kuna jambo nimelisahau.

Mara nyingi jambo lenyewe lilikuwa dakika tano. "Nakuja, dakika tano." Binti yangu alipoanza kujifunza kusoma saa shuleni, aliulizwa dakika tano ni muda gani, akajibu: "Mpaka chakula kipoe." Mwalimu wake alinieleza akicheka. Nami nilicheka, ila njiani kurudi nilikokotoa, kwa sababu sijui njia nyingine ya kutulia, ni vyakula vingapi vilivyopoa kwa miaka sita ya shahada. Jibu sitaliandika hapa.

Paul Erdős, mwanahisabati wa Hungaria aliyeandika makala zipatazo 1,500 na kuishi kwa begi lake kutoka nyumba ya mwanahisabati mmoja hadi ya mwingine, bila mke wala mtoto, alikuwa akiwaita watoto wote "epsiloni", herufi ya Kigiriki ambayo kwetu wanahisabati ni kiasi kidogo mno. Mjukuu wangu nami namwita hivyo. Amekasirika. Amesema yeye ni mkubwa, ana miaka 7 na nusu, na hiyo nusu nisiisahau.

Jumapili siku hizi ninazo zote. Baada ya chakula, kikiwa cha moto, mimi na nesi wangu tunacheza karata. Alama anaziandika yeye kwenye daftari la zamani la zamu za wodini, safu mbili, mstari ulionyooka katikati. Mpaka jana yeye ana michezo 214, mimi 97. Nimejumlisha mara mbili, kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu. Hajakosea hata mmoja.