Wani ya tisa, natosha udaktari?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipumziki. Binamu, mtoto wa jirani, mdogo wa rafiki yangu wa shule: "Kaka, nina wani ya tisa PCB, MD natosha?" Wani ya tisa ni divisheni wani yenye pointi 9, PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia, na MD ni shahada ya udaktari wa binadamu. Nami huwajibu kwa swali: tisa ya herufi zipi, na unaomba wapi?

Siulizi kwa kujifanya mjuaji. Mwaka 2018 wani ya tisa ilikuwa yangu. Fizikia D, Kemia C, Baiolojia B. Mama mdogo alipika pilau, na tangu siku ile mtaa ukaniita Dokta, hata muuza mkaa. Nikafungua kitabu cha mwongozo cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, nikaona udaktari wa binadamu unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, angalau D kila somo, jumla pointi 6. Mimi ninazo 9. Nimepita na chenji inabaki! Nikaomba chuo kimoja tu, MD chaguo la kwanza, famasia la pili. La tatu nilijaza ili mradi nisiache wazi.

Hapo ndipo nilipojidanganya, na naona wengi wanajidanganya palepale. Kuna mizani mbili na watu huzichanganya. Kwa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, na jumla ikiwa ndogo ndiyo raha yako: 3 hadi 9 divisheni wani, 10 hadi 12 divisheni tuu. Vyuoni mizani imegeuzwa: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kama masomo yako matatu yote yako kati ya A na E, chukua 18 utoe pointi zako za NECTA, utapata za TCU. Wani ya tatu inakuwa 15. Wani ya tisa inabaki 9. Na ile 6 ya kitabuni? Hiyo ni D tatu, divisheni tuu ya 12. Maana yake, pointi 6 zinakuruhusu kupanga foleni, basi. Nani yuko mbele yako kwenye foleni, kitabu hakisemi. Mimi mbele yangu walikuwapo wote wenye wani ya tatu, ya nne, ya tano, hadi ya nane, na nilikuwa sijamhesabu hata mmoja.

Orodha ya waliochaguliwa ilitoka kama faili la PDF. Nilifungua kwa simu ya mama mdogo, kioo kimepasuka, nikaandika namba yangu ya mtihani pale pa kutafutia. Hakuna. Nikaandika tena, labda nimekosea kile kistari. Hakuna. Nikaanza kusoma namba mojamoja, ukurasa kwa ukurasa, mpaka chaji ikaisha. Nilipata lile chaguo la tatu, maabara ya tiba. Ndiyo kazi yangu hadi leo na naipenda, lakini niliipata kwa bahati, sikuichagua.

Mwaka 2024 ikawa zamu ya mdogo wangu, wani ya saba: B, B, na C ya Fizikia, yaani pointi 11. Safari hii tulikaa mezani kabla ya kuomba popote. Kitabu cha TCU kinaandika nafasi za kila kozi katika kila chuo, tukazinakili za MD. Kisha tukaingia tovuti ya NECTA. Matokeo yako wazi shule kwa shule, na kila mtahiniwa ana jumla ya pointi, divisheni na alama ya kila somo. Tukaanza na shule za vipaji maalumu, Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Kilakala, Tabora Wavulana, tukaongeza za binafsi zinazojulikana kwa PCB. Yeye anasoma, mimi nachora vijiti nyuma ya kalenda: huyu kakuzidi, huyu mko sawa, huyu yuko chini. Shule ya tano haijaisha, kalenda imejaa. Mdogo wangu akanyamaza, akaenda kunywa maji.

Bado ni makadirio, sikatai. Si kila mwenye PCB anataka MD. Kuna wanaokwenda famasia, udaktari wa mifugo, au nje ya nchi. Na kuna usiowaona kwenye matokeo hayo, wenye stashahada ya utabibu, nao wanagombea nafasi hizohizo. Ila vijiti vile vilimweleza ukweli kuliko shangazi zetu wote waliokuwa wanasema "kwa wani ya saba nani atakukataa?"

Atakuja mtu kukwambia mwaka jana wa mwisho kuchukuliwa chuo fulani alikuwa na pointi 10 za TCU. Msikilize, lakini kumbuka huo ulikuwa mtihani wa mwaka jana. Wakifaulu wengi zaidi mwaka huu, mstari unapanda na 10 yako haijasogea.

Basi akaomba Muhimbili kwa sababu moyo ulitaka, akaomba Dodoma, Mbeya na Bugando. Penye chuo kisicho cha serikali tuliangalia ada kwanza, maana ombi la mkopo HESLB, Bodi ya Mikopo, ni jambo jingine na kuchaguliwa chuo hakukuhakikishii mkopo. Nilichomgomea ni kujaza chaguo la pili kwa kubahatisha. Kila alichoandika nilimwuliza, "Hiki ukipewa, utakwenda?" Akisita, tunafuta. Usitegemee awamu ya pili ya maombi ikuokoe, kwa MD huwa yamebaki makombo.

Alichaguliwa vyuo viwili. Ujumbe wa namba ya kuthibitisha udahili ulipoingia, aliniamsha saa tano usiku, anaogopa dirisha litafungwa. Sasa mtaani madokta ni wawili. Muuza mkaa ananiita bado, na mimi naitika.