Kuspeshalaizi: msifuate pesa kama nilivyofuata mimi

Juzi matokeo ya haya-dipuloma yangu (stashahada ya juu) ya kutibu watoto yalitoka na nimepita, na sioni aibu kusema nililia hapo hapo steji ya Kondele, Kisumu, simu mkononi. Jioni hiyo hiyo kijana mmoja aliye intanshipu akaniandikia, "Daktari samahani kwa usumbufu, wenzangu wote washajua watasomea nini, mimi bado, wananiambia kozi ya usingizi, ile ya kulaza wagonjwa wakati wa upasuaji, ndiyo iko na pesa." Nikajiona mwenyewe kabisa.

Mimi pia niliambiwa hivyo. Nilimaliza ile miaka mitatu ya uafisa wa kliniki, nikamaliza na mwaka wa intanshipu, na kila mtu alikuwa anaimba lokamu za thieta, zile zamu za kibarua kwenye chumba cha upasuaji. Mama, anayeuza omena Kibuye, akauza ng'ombe wawili nikalipa karo ya usingizi. Huko thieta monita hulia tiii tiii, na oksijeni ya mgonjwa ikishuka ile sauti nayo inashuka, inakuwa nzito, na kila ikishuka mikono yangu ilikufa ganzi. Wenzangu walikuwa wanasikia hiyo sauti na akili zinafunguka, mimi zangu zinafunga. Mwalimu mmoja akaniambia mbele ya darasa zima kwamba nimepoteza pesa za mzazi. Mwezi wa tano nikaacha. Yale maneno bado yananiuma, sitadanganya.

Nikarudi kazini, nikapangwa wodi ya watoto, sikuomba. Huku kwetu mnajua, malaria na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, haziishi. Usiku mmoja akaletwa mtoto wa mwaka mmoja, vidole vya mikono na miguu vimefura kama ndizi ndogo, mama yake anadhani amepigwa na mtu. Nilijua ni selimundu kabla vipimo havijarudi. Mshipa hauonekani, nikaloweka kile kimkono maji ya vuguvugu, nikachukua kanula ya njano, kile kibomba chembamba cha kuingiza dawa mshipani, ikaingia mara ya kwanza. Ilikuwa saa tisa usiku na sikuwa nimechoka, nikajiuliza mbona sijachoka?

Kwa hivyo ndugu yangu, na wengine wote mlio njia panda, msiulize nani analipwa ngapi. Intanshipu inakupitisha medisini, sajari (upasuaji), watoto na uzazi, na wengi wenu mnahesabu tu siku ziishe! Kaa zamu za usiku, kila idara, usiku ndio unaonyesha. Muulize aliyefanya hiyo kazi miaka kumi kinachomchosha ni nini, usimuulize mshahara. Ukisikia moyo unakataa, usikize, usisubiri mpaka karo iishe. Na mzazi wako mwambie ukweli mapema, mimi nilimficha mama wangu wiki tatu, nikitoka asubuhi na koti jeupe kwa mkoba kama naenda darasani.

Ng'ombe mmoja nishamrudishia. Wa pili namnunua Disemba.