Maswali Yenu: Wanunuzi wa mbali nitawapataje?

SWALI: Nauza dagaa wakavu Mwaloni, Kirumba. Mzigo wangu ni safi ila wateja ni walewale. Nifanyeje? – Mama Neema, Mwanza

JIBU: Mama Neema, anza na wapakizi na madereva wa malori. Hao wanajua nani ananunua Dodoma na nani Dar. Mpe dereva unayemwamini sampuli ya kilo moja, yenye namba yako na bei ya gunia. Kamisheni mpatane mapema, na umlipe siku hiyohiyo pesa inapoingia.

Sampuli itoke kwenye gunia lilelile utakalouza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: sampuli imeanikwa kwenye chanja, gunia limejaa dagaa walioanikwa mchangani. Mnunuzi akitafuna mchanga, aliyekutambulisha ndiye anayeaibika, na hatakutaja tena.

Jirani zako wa soko nao ni muhimu, tena sana. Ukiagizwa magunia kumi nawe una manne, jazia kwao, lakini fungua kila gunia ukague hadi chini. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikikaribia, mpigie mnunuzi mapema umwambie dagaa watapungua. Asisikie kwa mwingine.