Fildi bila mjomba: niliingia kwa sababu ya boksi la risiti

Mdogo wangu, umesema uko mwaka wa pili BCom (shahada ya biashara), umesambaza barua 30 Posta yote, katikati ya Dar, wenzako wameshaanza fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, na wewe bado unaambiwa "tutakupigia". Na kuna jamaa amekujibu kwamba bila mjomba ndani hupati kitu. Si uongo kabisa. Kwenye mabenki na mashirika makubwa niliona kwa macho yangu watu wakipita na barua moja tu, tena iliyopigiwa simu kabla haijafika. Ila mimi sina mjomba wa namna hiyo, mjomba wangu anauza mkaa Kimara, na nilipata. Acha nikusimulie ilivyokuwa.

Mwaka 2018 nilikuwa ulipo wewe. Wiki mbili nzima napanda mwendokasi Kimara hadi Kivukoni, nashuka, natembea Samora na Sokoine Drive na bahasha za kaki. Mlinzi anakuuliza unamtaka nani, huna jina la kutaja, anakuelekeza mapokezi, dada wa mapokezi anaitia barua kwenye trei iliyokwisha jaa barua kama yako. Kuna mmoja alinila elfu hamsini akidai anajua mtu wa rasilimali watu. Hilo tuliache, bado linaniuma.

Julai 19, siku ya Alhamisi, nilikuwa Gerezani kwenye duka la steshenari natoa kopi za barua nyingine. Mbele yangu kijana anatoa kopi ya rundo la risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, moja moja, foleni imesimama. Nikamuuliza kwa hasira kidogo, kaka, za nini zote hizo? Akasema zile karatasi za mashine zinafifia, miezi michache tu maandishi yamepotea, kwa hiyo lazima zitolewe kopi, na mhasibu wao amechanganyikiwa kwa sababu kesho ni tarehe 20, siku ya mwisho, na ritani (taarifa ya kodi ya mwezi) ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya Juni haijaingia.

Hapo kitu kikanigonga. Darasani tulikuwa tumefundishwa VAT ni asilimia 18, tukakokotoa maswali na kufaulu. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kila ofisi yenye VAT ina homa ya kila mwezi, na kwamba tarehe yake inajulikana. Nikamfuata yule kijana.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofani juu ya duka lao la spea za malori. Mhasibu alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani, hata hakunitazama. Nikasema, "Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa BCom Mlimani, nimesikia mna risiti nyingi. Naweza kukaa hapa leo nikazipanga, sitaki hela ya mtu." Akajibu marahaba, kisha akauliza kama Excel naijua. Nikasema naijua. Akasukuma boksi la juisi kwa mguu. Lilikuwa limejaa risiti mpaka juu.

Kazi yenyewe usidhani ni ya ajabu. Unapanga kwa tarehe, unaangalia kama risiti imeandikwa TIN (namba ya mlipakodi) na VRN (namba ya usajili wa VAT) ya kampuni iliyonunua, unaingiza kiasi na kodi yake. Isiyo na jina la mnunuzi unaiweka kando, maana ile 18% mliyolipa wakati wa kununua hamwezi kuitoa kwenye VAT mnayotakiwa kulipa. Nikakuta nyingi hazina: dereva kanunua tairi, kakatiwa risiti, kaipokea bila kutaja TIN. Nikazijumlisha peke yake na kumwonyesha mama hasara iliyomo. Nadhani ni pale ndipo aliponitazama mara ya kwanza. Tulitoka saa tatu usiku, akanipa elfu kumi ya nauli na chipsi, akasema Jumatatu uje na hiyo barua yako ya chuo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: acha kupeleka barua mapokezi, peleka mikono kwa mtu mwenye mzigo. Kampuni za kati zenye mhasibu mmoja au wawili ndizo zenye shida ya kweli. Karibu na tarehe 7 wanahangaika na PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara) na SDL (tozo ya ufundi stadi anayolipa mwajiri), karibu na tarehe 20 ni VAT. Ukienda tarehe 19 nenda ukiwa tayari kukaa na kufanya kazi siku hiyohiyo, usiende kuomba miadi, utafukuzwa. Ukitaka mazungumzo ya utulivu subiri 21 au 22, watu wameshapumua.

Sasa kuanza. Wiki ya kwanza niliona aibu. Nina B+ ya uhasibu lakini sijawahi kushika LPO (oda ya kununua) wala delivari noti (hati ya kupokelea mzigo), sijui ipi inatangulia. Wiki ya tatu nikapewa kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, ikawa inapishana 540,000. Siku mbili natafuta. Sikuthubutu kusema, nikawa nabaki ofisini mchana wakati wenzangu wanakwenda kwa mama ntilie. Keshia mzee, ambaye hata chuo hajapita, akaniuliza tofauti ni ngapi, akafikiri kidogo, akasema, "Inagawanyika kwa tisa. Umegeuza tarakimu mahali." Kweli, hundi ya 1,820,000 nilikuwa nimeiandika 1,280,000. Dakika tano tukaiona. Angeniambia mapema kama ningeuliza mapema.

Logibuku yako, daftari la kazi za fildi, ijaze kila jioni, tena kwa vitu halisi: "nimeingiza ankara 64, mbili zimejirudia." Mimi niliacha wiki mbili nikaja kubuni usiku mmoja, na msimamizi wa chuo alipokuja aliuliza palepale nilipobuni. Malipo usiyategemee. Mimi nililipwa nauli tu mpaka wiki ya tano, baadaye chakula cha mchana kikaongezeka. Wenzangu wa benki walikuwa na tai na kiyoyozi, lakini wengine wiki nane zote walikuwa wakipanga mafaili ya wateja na kuelekeza watu foleni. Sisemi walipoteza muda, jina la benki kwenye CV lina kazi yake. Ila mwaka wa tatu tulipoulizwa ritani ya VAT inajazwaje, darasani tuliinua mikono wachache.

Na ukipokelewa, barua ya kupokelewa iwe na muhuri na jina la atakayekusimamia, uipeleke idarani siku hiyohiyo. Mimi nilichelewa nayo, na msimamizi wa chuo akaja wiki ya saba badala ya ya nne.